Injini Ziliponyamaza Mbele ya Bonifacio

Bodil hakuipenda bahari, na hakuwahi kumficha mtu jambo hilo. Alipokuwa na miaka tisa, mashua ya baba yake, mvuvi wa Hvide Sande, iliokotwa ikielea peke yake mchana kweupe. Birika la kahawa lilikuwa bado jikoni, na watu wote wanne waliokuwamo hawakuonekana tena. Ndiyo maana alipokutana na Tage kwenye dansi ya wafanyakazi wa bandari ya Esbjerg, Denmaki, na kijana huyo mrefu akamwambia kwamba kazi yake iko majini, Bodil aligeuka kwenda kuchukua koti lake.

"Ngoja basi, dada!" Tage alimkimbilia. "Mimi siyo baharia wa kupotea. Niko kwenye tagi, zile boti fupi za kuvuta meli kubwa. Tunaziingiza bandarini, tunazitoa, jioni niko nyumbani nakula viazi."

Kwa ajili ya hivyo viazi vya jioni Bodil alilirudisha koti msumarini.

Walioana, wakaishi pamoja miaka arobaini. Tage alistaafu, Bodil naye akaacha kazi yake ya upishi shuleni, na binti zao wawili wakachangishana kuwakatia tiketi ya meli ya starehe: siku nane, kutoka Genova, kupitia Napoli na bandari ya Roma, mpaka Barcelona. Bodil aliitazama bahasha ile kama mtu aliyeletewa barua ya kuitwa mahakamani.

"Mama, hiyo siyo bahari," Tage alimwambia. Tangu mtoto wa kwanza azaliwe walikuwa wakiitana mama na baba, kama wazazi wao walivyoitana. "Bahari ni hii yetu. Ile ya kwao ni beseni la kuogea."

"Hata kwenye beseni watu hufa."

"Lakini mimi si nitakuwepo?"

"Basi hilo tu ndilo linalonipeleka."

Siku nne za kwanza zilimshangaza. Alilala usingizi. Alikula mpaka sketi ikambana. Mezani waliketishwa na Mdenmaki mwenzao, Bi Agnete wa Aalborg, mjane wa miaka themanini na minne aliyetembelea kiti cha magurudumu na ambaye ulimi wake ulikuwa haujazeeka hata kidogo.

"Nimezika waume wawili," alisema siku ya kwanza, akimkagua Tage kuanzia viatu mpaka upara. "Wa kwanza alikuwa mrefu kama wewe. Hawadumu."

"Huyu nimemdumisha kwa viazi," Bodil alijibu, na kuanzia hapo wakawa marafiki.

Usiku wa nne meli iliondoka bandari ya Roma, na siku ya tano mchana ikapita katika mlango wa bahari ulio kati ya Korsika na Sardinia. Upepo wa magharibi ulikuwa mkali. Walipotokea upande wa pili, mawimbi yalikuwa yamesimama, marefu, yenye povu vichwani, lakini meli iliyakata bila wasiwasi, na watu waliendelea na chakula chao. Ilikuwa saa nane na robo. Bodil alikuwa akimpakia Bi Agnete siagi kwenye mkate mweusi aliokuja nao toka nyumbani, maana mkate mweupe wa meli Bi Agnete aliuita sifongo. Mara akahisi kitu kimepungua. Hakujua ni nini. Kisha akaona mvinyo katika glasi ya Tage umetulia. Ule mtetemo mdogo wa chini ya miguu, uliokuwa nao usiku na mchana tangu Genova, haukuwepo.

Tage aliweka kiganja juu ya meza. Akakitoa, akakiweka ukutani, akakiacha hapo.

"Kuna nini?" Bodil aliuliza.

"Hamna kitu. Wanabadilisha jenereta. Itawaka sasa hivi."

Akachukua kitambaa chake cha mezani, akakikunja mara mbili, mara nne, mara nane. Bodil aliitazama mikono hiyo. Kwa miaka arobaini alikuwa amejifunza jambo moja kuhusu mumewe: uso wa Tage ulijua kudanganya, mikono haikujua. Mama yake alipofariki, Tage alikunja magazeti ya wiki nzima. Binti yao alipolazwa na homa ya uti wa mgongo, alikunja nguo zote za kabatini, chumba kizima.

Taa zikazimika. Muziki ukakatika katikati. Katika kimya kile sauti za watu mia tatu zilisikika kwa ghafla kuwa kubwa mno, nao wakanyamaza, kana kwamba wameona haya. Mpakuaji wao, Mfilipino wa makamo aitwaye Rodel, alicheka na kuinua mikono. "Chakula cha mishumaa, mabibi na mabwana!" Watu wakacheka naye.

Meli ikaanza kugeuka. Bila injini haikuweza kuuelekeza uso wake kwenye upepo, ikawa inageuza ubavu taratibu, na wimbi la kwanza lililoupiga ubavu huo liliinamisha ukumbi mzima. Sahani ziliteleza, zikaporomoka kwa mlio mmoja mrefu. Toroli la vitamutamu lilikimbia lenyewe kupita katikati ya meza na kumgonga mtu mmoja mnene mgongoni, akaanguka kifudifudi. Mahali fulani upande wa pili wa ukuta kitu kizito kilianguka na kutoa sauti zote za muziki kwa pamoja. Ilikuwa piano.

Hakuna aliyecheka tena.

"Mama," Tage alisema kwa sauti ya chini, "twende tukavae viatu."

"Nina viatu."

"Siyo hivyo. Vile vya kufunga kamba. Na uchukue dawa zako za presha, zote, na sweta la sufu."

Hapo ndipo Bodil alipoelewa. Mtu anayengoja taa ziwake hamwambii mkewe avae sweta la sufu.

Lifti zilikuwa zimekufa. Walipanda ngazi wakishikilia vyuma, meli ikiwalaza upande huu na kuwalaza upande ule, maji ya bwawa la kuogelea yakiwashukia kutoka juu, vuguvugu, yenye harufu ya dawa. Walipokuwa wakifunga kamba za viatu, honi ililia: mara saba fupi, mara moja ndefu. Sauti ya nahodha ikasikika kwa Kitaliano, kwa Kiingereza, kwa Kijerumani. Hitilafu ndogo ya umeme, alisema. Abiria wote wavae jaketi za kujiokolea na kwenda kwenye vituo vyao. Kwa tahadhari tu.

"Kwa tahadhari tu," Bodil alirudia.

"Umesikia mwenyewe," Tage alisema, huku vidole vyake vikikunja ncha ya mkanda wa jaketi.

Kituo chao kilikuwa ukumbi wa dansi wa orofa ya tano. Rodel na Tage walimbeba Bi Agnete kwa mikono, kiti chake wakakiacha nyuma.

"Taratibu, vijana," Bi Agnete aliwaambia. "Mwanamume wa mwisho kunibeba alikuwa mume wa pili, na mgongo wake haukupona."

Lakini Bodil aliona jinsi alivyoung'ang'ania ukosi wa Rodel.

Ukumbi huo ulikuwa na madirisha makubwa upande wa mashariki. Watu mia mbili walikaa sakafuni, wakiwa na jaketi za rangi ya machungwa, migongo ukutani, wengine wakitapika kwenye mifuko, wengine kwenye kofia zao. Mwanamke mmoja Mjerumani alikuwa akisali kwa kunong'ona bila kupumzika. Bodil alikaa karibu na dirisha, na hilo lilikuwa kosa. Mbali kule, juu ya maji ya kijivu, palikuwa na mstari mweupe.

"Ni nini kile?"

"Bonifacio," Tage alisema. "Majabali ya chokaa. Kuna mji juu yake."

"Siuoni mji."

"Haya, ni vizuri."

Alijutia neno hilo papo hapo, Bodil aliona. Baada ya robo saa mstari mweupe ulikuwa ukuta. Baada ya robo saa nyingine, juu ya ukuta palitokea vijisanduku vidogo vidogo, na Bodil akatambua kwamba ni nyumba.

"Tage," alisema.

Mumewe alishtuka. Alikuwa hajaitwa jina lake na mdomo ule kwa miaka mingi sana.

"Niambie ukweli. Usitazame dirishani, nitazame mimi. Niambie."

Tage alilamba midomo. "Injini hazijawaka kwa sababu hazina umeme wa kuziwasha. Wanajaribu. Nasikia wanajaribu, kuna mlio kila baada ya dakika chache, halafu unakufa. Upepo unatusukuma kama maili moja na nusu kwa saa. Pengine zaidi."

"Na yale majabali yako maili ngapi?"

"Sasa? Mbili. Mbili kasoro."

"Nanga?"

"Maji bado yana kina. Nanga haigusi chini. Ikija kugusa…" Alitupia dirisha jicho. "Meli hii ni kama jengo la ghorofa, mama. Upepo unalishika lote. Nanga itaburura."

"Na mashua za kuokolea?"

Akatikisa kichwa. "Kwa mawimbi haya? Zikishushwa zitagongwa ubavuni kama mayai. Nahodha anajua. Hatazishusha mpaka awe hana lingine."

Ajabu ni kwamba Bodil alipoujua ukweli hakupiga kelele. Hofu aliyokuwa ameibeba tangu utotoni ilikuwa ya kitu kisicho na sura, birika jikoni na mashua tupu. Sasa ilikuwa na sura, nyeupe, na ilikuwa inakuja. Alimshika mkono Bi Agnete, kwa sababu mkono wa Tage ulikuwa na kazi ya kukunja.

Saa tisa na nusu meli nzima ilinguruma. Ilikuwa minyororo ya nanga ikikimbia, na mngurumo huo ulipita kwenye sakafu, kwenye mifupa, kwenye meno. Ikatulia. Meli ikanyooka kidogo, ikageuza uso kuelekea upepo, na watu wakainua vichwa. Kisha mtikisiko, mmoja, mwingine, kama gari linalovutwa juu ya mawe.

"Inaburura," Tage alisema.

Bodil sasa aliweza kuhesabu madirisha ya nyumba. Aliona ngazi zilizochongwa kwenye jabali. Aliona povu chini yake, likipanda na kushuka polepole, na alijua kwamba kinachoonekana kwenda polepole kutoka mbali huwa kikubwa sana. Juu ya ukingo kulikuwa na alama nyeusi nyeusi zilizosimama mstari mmoja. Alizitazama kwa muda kabla hajaelewa kwamba ni watu, wametoka majumbani mwao kuja kuwaona wakifa.

Helikopta ilikuja, ikazunguka, ikaondoka, ikarudi. Meli ikasimama dakika kumi, ikaburura, ikasimama tena. Saa kumi na nusu mtu aliyekuwa dirisha la mwisho alipiga ukelele, na wote wakamkimbilia, wengine kwa magoti. Kutoka upande wa Sardinia, ikizama na kuibuka katikati ya mawimbi, ilikuwa inakuja boti fupi, nyeusi, yenye kifua kipana.

"Tagi!" Rodel alipaza sauti. "Tagi imekuja!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Watu wasiojuana walikumbatiana. Yule Mjerumani aliacha kusali akaanza kulia. Bodil aligeuka akicheka, machozi yakimtiririka, ili amkumbatie mumewe. Mumewe alikuwa ndiye tagi, alikuwa ameitumikia tagi maisha yake yote, nani mwingine wa kumshukuru?

Tage hakuwa tena kando yake.

"Yuko kule," Bi Agnete alisema, akionyesha kwa kidevu. "Nyuma ya kaunta ya baa. Nenda, mwanangu. Amekuwa mweupe kama kifo."

Tage alikuwa amekaa sakafuni katikati ya chupa zilizovunjika, magoti kifuani, mikono imelala ubavuni kama si yake. Haikuwa ikikunja chochote. Meno yalikuwa yakigongana.

"Baba! Wamekuja! Hukusikia?"

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Wataikata," Tage alisema.

"Wataikata nini?"

"Kamba. Wakiona tunawavuta kwenda nao kwenye mwamba, wataikata. Kuna mtu amesimama na shoka, mama. Kila tagi ina mtu wa shoka."

Bodil alipiga magoti mbele yake. Nje watu walikuwa bado wakishangilia. "Umejuaje hayo?"

Tage alimtazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

"Unaikumbuka ile meli ya mizigo ya Marstal? Januari ya tisini na tatu. Ile iliyopanda kwenye mafungu ya mchanga ya Blåvand."

"Nakumbuka. Kamba ilikatika. Ulikaa siku tatu bila kula."

"Kamba haikukatika."

Meli iliinama, chupa moja ikabingirika ikapita kati yao. Hakuna aliyeitazama.

"Ilikuwa imekaza vizuri," Tage alisema. "Lakini walikuwa wameshaanza kugusa chini, na sisi tulikuwa tunalala ubavu, maji yanaingia mlangoni. Nahodha wetu, Poulsen, alisema kata. Mimi ndiye niliyekuwa na shoka. Nilipiga mara tatu. Halafu Poulsen akasema, wanangu, tukifika nyumbani kamba ilikatika. Tukakubaliana. Wenzangu wote wameshakufa, nimebaki mimi."

"Walikuwa wangapi kule?"

"Watano."

"Walijua?"

Tage alifumba macho. "Mpishi wao alikuwa kwenye redio. Aliuliza kama tunarudi."

"Mkamjibu nini?"

"Poulsen akazima redio."

Bodil alikuwa ameushika mkono wake. Akauachia. Hakupanga, vidole vyenyewe viliachia. Alimwona baba yake, ambaye hakumwona kwa miaka zaidi ya hamsini, amesimama kwenye mashua, akiuliza jambo kwa mtu asiyemjibu. Akainuka, akarudi dirishani, akasimama peke yake kati ya watu waliokuwa wakishangilia, na hakuwahi katika maisha yake kuogopa kama alivyoogopa dakika ile. Kabla ya hapo aliogopa bahari. Sasa alijua kwamba hata watu wanaokuja kukuokoa wana watoto nyumbani, na wana shoka.

Tagi ilikuja mpaka chini ya omo, mbele kabisa ya meli. Kamba nyembamba ilirushwa, ikaanguka majini. Ikarushwa tena, ikadakwa, na baada yake ikavutwa ile nene. Tagi ikasogea mbele, kamba ikapanda kutoka majini, ikakaza, ikanyooka mpaka maji yakaruka kutoka ndani yake kama nguo inayokamuliwa. Meli iligeuka kidogo. Watu walianza kuimba.

Kamba ikapasuka. Mlio wake ulikuwa kama wa bunduki. Ncha yake ilirudi ikachapa maji, na tagi ikaruka mbele kama mnyama aliyekatikiwa na hatamu. Nyimbo zikageuka mayowe. Nanga zikaanza kuburura tena, na sasa Bodil aliona nyuso za watu walio juu ya jabali. Bibi mmoja mwenye shali nyeusi alikuwa akipiga ishara ya msalaba, tena na tena.

Bodil alikwenda nyuma ya kaunta, akamkamata Tage ukosi wa jaketi kwa mikono miwili.

"Simama."

"Siwezi."

"Nimesema simama! Mimi siwezi kusoma kamba, wewe unaweza. Ulinileta huku kwa maneno yako ya beseni. Hutaniacha nife pale dirishani bila kujua kinachonijia. Inuka unitazamie!"

Alimvuta, na Rodel akaja akamsaidia, wakamsimamisha kwenye kioo. Bodil alimshika kiunoni kwa nyuma, siyo kwa mapenzi, bali asianguke.

"Haya. Wanafanya nini?"

"Wanarudi," Tage alisema. Sauti ilimtoka kama kwa mtungi mtupu. "Wanarudi karibu. Karibu mno. Mungu wangu, wamepita kati yetu na mwamba."

"Halafu?"

"Wametoa kamba ya pili. Ni nene kuliko ile. Imeshika."

"Mtu wa shoka yuko wapi?"

"Nyuma ya winchi, ile mashine ya kukazia kamba. Wa kofia nyekundu."

"Amelishika?"

"Amelishika."

"Mkono mmoja au miwili?"

Tage alikaza macho. "Mmoja. Mwingine ameshikilia chuma."

Tagi ilivuta. Ililala ubavu mpaka maji yakafunika sitaha yake ya nyuma, yule wa kofia nyekundu akapotea ndani ya povu mpaka kifuani, akaibuka. Bodil aliuhisi mwili wa mumewe ukikakamaa wote.

"Miwili," Tage alinong'ona. "Sasa amelishika kwa mikono miwili."

Bodil hakuuliza tena. Alifumba macho, akaegemeza paji la uso mgongoni mwa Tage, juu ya jaketi lenye harufu ya plastiki, akaanza kuhesabu, kwa kuwa hakukuwa na sala iliyomjia. Alifika mia mbili na kumi na saba.

"Mama," Tage alisema. "Tazama madirisha."

Alifumbua. Ilimchukua muda. Nyumba zilikuwa zile zile, ngazi zile zile, yule bibi wa shali yuko pale pale, lakini uso wake haukuonekana tena. Ulikuwa alama nyeusi tu. Alama ikawa ndogo. Ukuta mweupe ulianza kuteleza kwenda kulia, polepole sana, kama pazia zito.

Walivutwa usiku kucha na kufikishwa bandari ya Ajaccio, huko huko Korsika, asubuhi. Watu kumi na wawili walikuwa wamevunjika viungo, hakuna aliyekufa. Gatini Bi Agnete alimbusu Bodil mashavu yote mawili, akamgeukia Tage, akamtazama kwa muda mrefu kwa macho yake ya samawati. "Sijui ulimwambia nini mkeo kule nyuma ya chupa," alisema. "Lakini ulikuwa umekibeba kwa miaka mingi, naona. Hata mume wangu wa kwanza alitembea hivyo."

Bodil na Tage hawakutaka ndege. Walivuka mpaka Nice, Ufaransa bara, kwa feri, Bodil amejilaza chini ya benchi akiwa na jaketi la kujiokolea mwilini siku nzima, na watu wakimcheka, kisha wakapanda treni mpaka Denmaki. Njiani kote hawakuzungumza ila ya lazima. Una njaa? Tiketi ziko wapi? Nyumbani Bodil alipika viazi kila jioni kama kawaida, akavipakua, wakala wakisikiliza saa ya ukutani. Usiku aliamka akiwa amelowa jasho, akasikia meli ikiburura nanga chini ya kitanda.

Jioni ya kumi na moja aliweka uma chini.

"Yule mpishi. Alikuwa na watu?"

"Mke. Anaitwa Rigmor. Alikuwa na mimba."

"Yu hai?"

"Yu hai. Hajahama Marstal."

"Umejuaje?"

"Kila Januari huwa namtafuta kwenye kitabu cha simu," Tage alisema. "Namtafuta, nakuta jina lake lipo, nafunga."

Bodil alisogeza sahani pembeni. Kisha akasema, "Jumamosi tutakwenda."

"Marstal ni kisiwani, mama. Ni saa nzima na robo kwenye feri."

"Najua ni kisiwani. Nimesoma shule."

Kwenye feri alisimama karibu na mlango wa kutokea, mkono kwenye mpini, toka Svendborg mpaka wakatia gati, na kila injini ilipobadilisha sauti aliukaza mpini.

Rigmor aliwafungulia akiwa na aproni. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mwanamume. Alidhani wamekuja kutazama samani alizotangaza kuuza, akawakaribisha, akaweka kahawa. Tage hakugusa kikombe. Alisema yote, akiwa amesimama, kuanzia kamba ilipokaza mpaka shoka lilipopiga mara ya tatu. Alisema na lile la redio.

Rigmor hakulia. Alikaa, akaangalia mikono yake.

"Miaka yote hii nimeichukia kamba," alisema. "Nilikwenda mpaka kwa walioitengeneza, nikawatukana mlangoni." Akainua macho. "Alisema nini hasa? Maneno yenyewe."

"Alisema, 'Jamani, mnarudi?'"

"Kwa sauti gani?"

"Ya kawaida. Kama mtu anayeuliza chakula kipakuliwe saa ngapi."

Mwanamke akatoa sauti ambayo Bodil hakujua kama ni kicheko. "Ndiye," alisema. "Ndiye huyo huyo." Alijifuta uso na aproni, na alipoishusha, macho yake yalikuwa makali. "Sijakusamehe. Usije ukatoka hapa ukamwambia mtu kwamba nimekusamehe."

"Hapana," Tage alisema.

"Lakini uje tena. Mwanangu wa kike anakuja Pasaka. Hajawahi kukutana na mtu aliyemsikia baba yake siku ile, na mimi pia sijawahi."

Walipofika gatini upepo ulikuwa umegeuka, unavuma kutoka magharibi, na feri ilikuwa ikivuta kamba zake na kuzilegeza. Tage alisimama, akazitazama. Bodil alimpita, akashika chuma cha ngazi kwa mikono miwili, akatangulia kupanda.